Goma, acheni kunielekeza kwa "panda" na "shuka"!

Nimevumilia miaka sita, leo naandika. Kabla hamjaanza kucheka, nakubali mwenyewe: sina kichwa cha njia. Nikiingia sokoni kwa mlango mmoja nikatokea kwa mwingine, tayari sijui nilikotoka. Lakini ya Jumamosi yamenishinda, na safari hii sitasema kosa ni langu peke yangu.

Kulikuwa na mahari ya binti ya mama mdogo, kule Ndosho, mtaa wa hapa Goma. Mimi nilipewa kazi ya sombe, yaani kisamvu. Sufuria kubwa, nimeifunga kwa kitenge, bado inatoa moshi. Nikampigia kuzini, binamu yangu, simu kuuliza njia, na maneno yake nayaweka hapa kama yalivyo: "Ukishukia pale kwa antre, unapanda kidogo, ukifika kwa ule muti walikata, unaingia na kuume. Hauwezi potea."

Ule muti walikata! Jamani, mti uliokatwa unauonaje?

Nikasimamisha motari wa pikipiki. Unapajua? "Napajua mama, panda tu." Nikapanda. Baada ya muda namwona anamuuliza muuza makala. Kisha anauliza kwa fundi wa baiskeli. Kisha anamuuliza mtoto aliyebeba bidoni ya maji, mtoto hata miaka minane hana. Kumbe "napajua" yake maana yake ni kwamba Ndosho ameshaisikia. Akanishusha kwenye mawe na kudai pesa mara mbili, eti "ju tumezunguka sana". Tumezungushwa na nani, papa?

Nikabaki hapo juu ya yale mawe meusi, na viatu vya sherehe, sombe mikononi. Kila niliyemuuliza alikuwa na neno moja: panda kidogo. Nikipanda, wa huko juu ananiambia umepita, shuka kidogo. Nikishuka, wa chini ananishangaa: si nilikuambia upande? Saa nzima! Mwishowe wakatuma mtoto anifuate, na nyumba ikawa nyuma ya ukuta niliokuwa nimeuegemea. Naingia, wazee wamekwisha kuhesabu pesa, sombe imepoa, na mama mdogo anawaambia wakwe mbele yangu: "Huyu ni mtoto wetu wa Bukavu, anapoteaka hata njia ya choo." Wakacheka wote. Hata bwana harusi, ambaye bado hajamaliza kulipa.

Sawa, tuizungumze hiyo Bukavu.

Bukavu iko kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Kivu, kwa hiyo maji yako kaskazini mwa mji. Nimekua hivyo. Ukishuka unakuta ziwa, ukilitazama ziwa Rwanda iko mkono wako wa kuume, ng'ambo ya mto Ruzizi. Hakuna aliyenifundisha, miguu ilijifunza yenyewe. Halafu nikapanda boti nikaja kufanya kazi Goma, ncha ya kaskazini ya ziwa lilelile. Huku pia unashuka kuyafuata maji, ila sasa maji yako kusini! Nikiyatazama, Rwanda imehamia kushoto. Mji mzima kwangu ni kama blauzi iliyovaliwa mgongo mbele: mikono ipo, shingo ipo, lakini hakuna kinachokaa mahali pake. Mwaka wa kwanza nilikwenda Birere, mtaa wa biashara karibu na mpaka, kununua vitambaa, wakati wa kurudi nikaona nijiepushe na mpaka, nikalipa ziwa mgongo, nikakata kuume kwa uhakika kabisa kama niko Bukavu, nikatokea Petite Barrière, penyewe mpakani. Afisa ananiuliza jeton, kile kikaratasi cha kuvukia. Nina vitenge viwili na mfuko wa samaki fretini, jeton ya nini?

Na msiniambie "angalia mlima". Hilo neno mnalipenda sana: volkano ya Nyiragongo iko kaskazini, mtu anapoteaje? Mlima upi? Kuna wiki nzima umejifunika mawingu hata ncha haionekani. Ukijifunua, mimi niko kwenye kichochoro kati ya kuta mbili za mawe ya lava na ninachokiona ni nyaya za umeme. Na hata ukionekana, unanipa juu na chini tu. Mji wenyewe umejinyoosha kando, kuelekea Mugunga na barabara ya Sake. Jirani yangu akienda Mugunga anasema "napanda", mume wake akienda palepale anasema "nashuka". Wanalala kitanda kimoja!

Wazee ndio kabisa. Mama mwenye nyumba wangu alinielekeza mahali pa kulipa karatasi fulani: "Si pale kwa duka ya Mugiriki." Nikazunguka asubuhi yote. Duka hilo lilifunikwa na lava tarehe 17 Januari 2002, pamoja na kathedrali na nusu ya kumbukumbu zake. Watu wamejenga juu. Kwa hiyo alikuwa ananielekeza chini ya ardhi, na kwa heshima yake nilirudi nikasema asante mama, nimepaona.

Simu? Inanionyesha kidoti cha buluu katikati ya eneo jeupe lisilo na jina hata la avenyu moja. Na kuitoa simu hovyo kwenye baadhi ya kartie zetu, mnajua wenyewe. Kibao cha avenyu nimekiona kimoja mtaani kwetu, kimepinda, kinaelekea angani. Namba ya nyumba yangu nimeiandika mwenyewe kwa rangi. Jirani akaipenda, akaandika ileile kwake.

Sasa shida yangu. Sufuria imebaki Ndosho, na si yangu, ni ya kanisa, inatakiwa Jumapili. Lazima nirudi. Nimemwomba kuzini anichoree, akanitumia sauti ya dakika nne. Neno "panda" limetajwa mara kumi na moja, nimehesabu. Kuna mtu wa Ndosho humu? Geti la bati la kijani, mbele yake kuna mama anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Niambieni ni hatua ngapi kutoka barabara kubwa, na ukuta wa rangi gani uko mkono upi. Na huo mkono useme unatazama wapi wakati unauhesabu.