Tupeane uzoefu: mzee katulizwa baada ya operesheni kubwa, moyo unayumba

NesiWaUsiku: Wadau wa ICU na thieta, mzee katoka operesheni ya tumbo, yuko kwenye mashine ya kupumulia, katulia vizuri. Ghafla mapigo 38. Mnaanzia wapi?

Kanula18: Oksijeni. Kagua bomba la hewa. Moyo wa mzee ukikosa hewa hupunguza mwendo kabla ya kusimama. Atropini, dawa ya kuongeza mapigo, baadaye.

PampuNaMonita: Mara nyingi chanzo ni deksmedetomidini (deksi), dawa ya kutuliza mgonjwa, na haraka zetu. Maelekezo ya kiwandani yanataka dozi ya kuanzia maikrogramu 1 kwa kilo ndani ya dakika 10. Kwa mzee wa miaka 75 mwenye bisoprololi (dawa ya moyo inayopunguza mapigo) mwilini, iruke hiyo. Chupa ya maikrogramu 200 ina ml 2. Ongeza salaini ml 48, kila ml inabeba maikrogramu 4. Mgonjwa wa kilo 60 mwanzishie maikrogramu 0.2 kwa kilo kwa saa, yaani ml 3 kwa saa. Ukiisukuma kwa nguvu presha hupanda kwanza, mtu anafurahi, halafu presha na mapigo vinaporomoka pamoja.

MtuWaWilayani: Deksi mnayo ninyi wa mjini. Huku tunatuliza kwa ketamini na diazepamu.

Kanula18: Ketamini kwa mwenye mishipa ya moyo iliyobana? Mapigo juu, presha juu, moyo unadai oksijeni ambayo haipo.

MtuWaWilayani: Dozi ndogo, mkuu. Propofoli, dawa yenu ya usingizi, nayo inaangusha presha hata sindano hujaiweka chini.

MamaZamu: Mnagombania dawa, pampu hamjaiangalia. Sirinji ya ml 50 ya propofoli, kitako cha sirinji hakijakaa kwenye mfereji wake wa pampu, pampu imetundikwa juu ya kichwa cha mgonjwa. Dawa inashuka kwa uzito wake yenyewe. Kila ml ina miligramu 10. Zikishuka ml 20 ni miligramu 200, dozi ya kumlaza kijana mwenye afya apasuliwe. Kwa mzee presha ya juu (namba ya kwanza ya kipimo) inasoma 50, watu wanarukia kukandamiza kifua, huku pampu inaonyesha ml 4 kwa saa bila hata kulia. Bana mpira wa dawa kwanza! Ndipo maji, adrenalini na mengine. Na pampu ikae usawa wa moyo.

Bomba7: Hapo umemaliza, dada.

Kanula18: Nakubali. Ila kwenye deksi, zima pampu kabla ya kuvunja kichupa cha atropini.

PampuNaMonita: Nusu ya deksi iliyo mwilini huchukua kama saa 2 kutoka, kwa hiyo presha ikiwa chini usikae kusubiri. Atropini miligramu 1, rudia kila dakika 3 hadi 5, jumla isizidi miligramu 3.

Bomba7: Sisi tulifundishwa nusu miligramu.

PampuNaMonita: Miongozo ya Marekani ilibadilika 2020. Chini ya nusu miligramu ndiyo mbaya, inaweza kuzidisha kupunguza mapigo.

MamaZamu: Aliyetulizwa halalamiki kifua. Mapigo yakibadilika bila sababu, piga ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ya njia 12 na pima troponini, protini ya damuni inayoonyesha moyo umeumia. Mapigo yakienda ovyo ovyo, tazama potasiamu, isiwe chini ya 4, na magnesiamu. Akihangaika usikimbilie haloperidoli, dawa ya kutuliza fadhaa, kama QTc (muda kwenye ECG) imevuka milisekunde 500.

MtuWaWilayani: Troponini huku ni safari ya gari.

NesiWaUsiku: Na bisoprololi yake mnairudisha lini?

MamaZamu: Presha ya juu ikitulia juu ya 100 na mapigo juu ya 60, bila adrenalini. Saga, pitisha kwenye mpira wa puani kama utumbo unafanya kazi. Ukiikata siku nyingi moyo utakimbia, halafu mtasema ni maumivu.