Tupeane uzoefu: mliowahi kuendesha asasi kwa ruzuku ya serikali, hela ilifikaje?

Mwanzo_Mgumu: Wakuu habari za jioni. Leo nimesoma tangazo la ruzuku, vigezo vyote tunavyo, kufika chini kabisa wameandika malipo ni ya kurejeshewa, yaani mtumie hela yenu kwanza, mpeleke risiti, wakizikubali ndo walipe. Sisi akiba hatuna. Mliopitia hii njia tupeane uzoefu, mliwezaje?

Mama Kituo: Mdogo wangu umenitonesha. Sisi tulikuwa na kituo cha kutwa cha watoto wenye ulemavu, serikali inalipa kila robo mwaka ripoti ikishakubaliwa. Robo ya kwanza ikaja vizuri tu. Ya pili ripoti ikarudishwa, eti idadi ya watoto imezidi ya kwenye mkataba, ni kweli ilizidi maana mzazi kafika mlangoni na mtoto mgongoni unamrudishaje? Tukarekebisha, afisa aliyekuwa na faili letu akahamishwa, aliyekuja akaanza kusoma upya, na huku mwaka wa fedha ukafungwa, fungu likarudi hazina, tukaambiwa subirini bajeti mpya. Walezi hawajalipwa, mwenye nyumba anadai, anayetuletea chakula kasema mpaka deni lilipwe. Siku mbaya kuliko zote ni ile niliyowaita wazazi kuwaambia wiki ijayo hatufungui. Baba mmoja akaniuliza sasa mimi kazini naenda na nani huyu? Sikuwa na jibu. Hela ilikuja, tena yote haikupungua hata senti, ila kituo kilikuwa kimeshafungwa.

Kalamu Nyekundu: Mwaka wa fedha kufungwa ndo muuaji mwenyewe. Pole sana mama.

Mkaguzi Mstaafu: Pole dada. Lakini tuseme na upande wa pili, ile ni kodi ya watu. Nimekagua asasi za mfukoni, mwenyekiti mume, mhazini mke, ofisi haipo, wamechukua awamu ya kwanza na simu wamezima. Masharti ya risiti kwanza hayakuja hivi hivi.

Kalamu Nyekundu: Mzee kwa hiyo aliyekula katoroka na adhabu anabeba aliyelea watoto? Si watoe kianzio kidogo, mtu akikitolea hesabu apewe kinachofuata?

Mkaguzi Mstaafu: Kianzio nakiunga mkono, wala hujanisikia nakikataa. Soma taratibu kijana.

Mdau wa Bajeti: Mnasahau na gharama za uendeshaji. Wanataka ripoti safi, mahesabu yaliyokaguliwa, mtu wa tathmini, halafu mshahara wa mhasibu hautakiwi kuonekana kwenye bajeti. Marekani asasi isiyo na kiwango maalum ilichokubaliana na serikali ilikuwa inaruhusiwa mwisho 10% kwa gharama hizo, Oktoba 2024 wakapandisha mpaka 15%. Maana yake hata wao waliona ile haitoshi.

Fikra Mpya: Dawa ni kulipia matokeo, wawekezaji watoe mtaji, serikali ilipe lengo likifikiwa. Uingereza walianza 2010 kwa wafungwa wa vifungo vifupi waliotoka gereza la Peterborough, kurudia makosa kukapungua 9% wakati lengo lilikuwa 7.5%, wawekezaji wakalipwa.

Kalamu Nyekundu: Na jela ya Rikers Island kule New York mbona umeruka? 2012 benki ya Goldman Sachs waliweka mtaji kwa mpango kama huo, vijana wakaendelea kurudi jela vilevile, 2015 ikafungwa.

Fikra Mpya: Ndo nachosema, pale walipakodi hawakulipia kilichoshindwa!

Mama Kituo: Kwa watoto wangu matokeo ungeyapimaje mwanangu? Wapo ambao ushindi wa mwaka mzima ni kushika kijiko. Mwekezaji anasubiri hilo?

Mdau wa Bajeti: Hapo umemaliza mama.

Pwani Tulivu: Mwanzo_Mgumu nenda benki na mkataba uliosainiwa, wakupe mkopo wa muda mfupi.

Kalamu Nyekundu: Usithubutu!! Hela ikichelewa riba hairudishwi na ruzuku, na benki watataka hati ya nyumba yako. Bora usiombe kabisa.

Pwani Tulivu: Wote wakigoma kuomba, si zinabaki zile asasi za mfukoni za mzee?

Mkaguzi Mstaafu: Kabla ya yote kuna muda wa maswali kwa waombaji. Waandikie: je, kuna malipo ya awali? Ripoti ikishapokelewa wanalipa ndani ya siku ngapi? Mwaka ukifungwa salio linavuka? Jibu liwe kwa maandishi.

Mama Kituo: Na walengwa wakizidi idadi inakuwaje. Hilo liweke la kwanza.

Mwanzo_Mgumu: Asanteni sana. Maswali mwisho Ijumaa, naandika usiku huu. Mama naomba nikutumie rasimu inbox uipitie.

Mama Kituo: Tuma, na mkataba wa mfano kama upo utume pia.