Ulinganisho: GPS ipi ifungwe kwenye Cessna 182 ya Kisongo kwa ajili ya kuruka kwa vyombo?

Rubani_Kisongo aliandika:

Heshima kwenu wakuu. Ninarusha Cessna 182 ya zamani kutoka uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, na tangu nipate ridhaa ya kuruka kwa vyombo (yaani kuongozwa na vyombo vya ndege bila kuona nje) mwaka jana nimekuwa nikitegemea redio moja ya KX 155, ya kuongelea na ya kupokea VOR (mnara wa redio unaoonyesha njia) na ILS (mawimbi ya kiwanja yanayokuongoza hadi kutua), pamoja na ADF, kifaa cha zamani cha kuelekeza kwenye mnara wa redio, ambayo sindano yake imeshakata tamaa. Wakati wa masika, mawingu yakiwa yamelala ubavuni mwa Meru hadi saa nne asubuhi, hali hiyo hainipi utulivu, kwa hiyo nimeamua kufunga GPS.

Nimepata njia tatu. Ya kwanza ni Garmin GNS 430 ya mtumba, ile ya awali isiyo na herufi W. Ya pili ni GPS 175 mpya. Ya tatu ni GTN 650Xi mpya, ambayo kwa kusema kweli itanilazimu kuuza kitu. Rafiki yangu mmoja ananiambia nisipoteze fedha, kwa sababu kishikwambi chake kinamwonyesha kila kitu hadi mwinuko wa ardhi. Naomba mawazo ya wenye uzoefu.

Mwalimu_wa_Vyombo alijibu:

Ndugu Rubani, hongera kwa kuuliza kabla ya kununua.

Nianze na kishikwambi ili tukiweke pembeni mapema. Ni msaidizi mzuri wa kusomea chati na kupangia safari, nami ninacho, lakini hakina idhini ya kukuongoza ndani ya wingu, hakiongozi sindano yoyote kwenye dashibodi, na kikiachwa juani mbele ya kioo kinaweza kupata joto na kujizima wakati ule ule unapokihitaji. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba hakikuambii kinapokosea.

Hapo ndipo ulinganisho wako ungepaswa kuanzia. Mpokezi yeyote anahitaji setilaiti 4 ili ajue alipo katika pande zote tatu. Mpokezi aliyeidhinishwa kwa kuruka kwa vyombo hufanya kazi ya ziada iitwayo RAIM, yaani huzipima setilaiti zenyewe kwa zenyewe: akiwa na 5 anaweza kutambua kwamba mojawapo inadanganya, na akiwa na 6 anaweza kuitambua hiyo iliyo mbovu na kuitupa nje ya hesabu, kisha safari ikaendelea. GNS 430 ya awali ilijengwa chini ya TSO-C129, kiwango cha Marekani cha kuidhinisha vifaa vya ndege, ambacho kinadai utambuzi peke yake. GPS 175 na GTN 650Xi ziko chini ya TSO-C146, ambako kutambua na kutupa ni sharti. Kiwango cha zamani kiliandikwa pia wakati Marekani ikichafua kwa makusudi ishara ya raia, jambo lililokomeshwa Mei 2000. Wapokezi wa kiwango kipya wanahesabu wakijua kwamba uchafuzi huo haupo, kwa hiyo wanapata RAIM mara nyingi zaidi kwa setilaiti zile zile.

Jambo la pili ni sindano ya kiashirio, ile inayokuonyesha umetoka nje ya njia kwa kiasi gani. Ukiwa safarini na kifaa cha C129, sindano ikifika ukingoni umetoka nje ya njia kwa maili 5 za baharini, ambazo ni zaidi ya kilometa 9. Kwa C146 ukingo huo ni maili 2. Karibu na kiwanja vyote hubana hadi maili 1, na kwenye hatua ya mwisho ya kutua hadi maili 0.3, lakini kubana huko kwa karibu na kiwanja hutokea pale kiwanja kilipoandikwa kwenye mpango wa safari. Ukiwa unapita tu ukielekea kwingine, chombo cha zamani kinaweza kubaki kwenye maili 5. Kilele cha Meru chenye meta 4,566 kiko takribani kilometa 20 kutoka Kisongo. Piga hesabu mwenyewe.

Mzee_wa_Moshi alijibu:

Mwalimu, sikupingi kwa hesabu, ila sipendi kijana atishwe hadi auze shamba. Nimerusha ndege zenye GNS 430 ya awali kwa miaka mingi, Moshi hadi Dodoma hadi Mwanza, na sijawahi kuona imenipotosha. Vitufe vyake mtu anavigusa gizani bila kuangalia, na ndege ikitikiswa na upepo wa mchana kidole hakikosi, tofauti na hivi vioo vya kugusa. Kilichowahi kunipotosha ni mkono wangu. Nilisoma latitudo na longitudo za kiwanja kimoja cha porini kwenye ramani ya zamani ya karatasi, nikaziingiza, na nilipofika nikakuta njia ya kurukia iko kando ya pale mashine iliponileta. Ramani ile ilichorwa kwa msingi wa upimaji wa Arc 1960, ilhali GPS inatumia WGS-84, na kwa huku kwetu tofauti yake inafika takribani meta 300. Mchana wenye jua ni kichekesho. Ndani ya wingu nisingekuwa hapa nikiandika.

Mwalimu_wa_Vyombo alijibu:

Shikamoo Mzee. Hilo ni somo zuri kuliko langu, na ndiyo maana utaratibu wa kutua kwa vyombo huchukuliwa kutoka kwenye kanzidata (data za safari zilizohifadhiwa ndani ya kifaa) kama ulivyo, wala haujengwi kwa kuandika pointi moja moja. Kanzidata yenyewe hubadilishwa kila baada ya siku 28, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Fundi_Avioniki alijibu:

Naongeza yale ambayo hukutwa baada ya fedha kutoka.

GPS 175 haina redio ya mawasiliano wala haipokei VOR au ILS. Ni GPS tu. Kwa hiyo KX 155 lazima ibaki, na ibaki nzima. GNS 430 na GTN 650Xi zina vyote vitatu ndani ya kasha moja, jambo linalopendeza hadi siku kasha hilo litakapozima na kuondoka na vyote.

Angalia pia kiashirio cha sindano. Kama ulichonacho ni KI 209 ya kawaida, hicho kinategemea KX 155 na hakitapokea maelekezo ya GPS. Utahitaji kingine, mathalani GI 106, au KI 209A. Wengi husahau hili, kisha wanamlaumu fundi.

Kwa anayenunua GNS 430 ya mtumba: kadi ya kanzidata ni ya aina ya pekee na inahitaji kisomeo chake, na kadi iliyokuja na mashine kutoka Marekani mara nyingi ni ya eneo la Amerika, hivyo Kisongo haitaijua kabisa. Mashine yenyewe imeacha kutengenezwa. Kioo kikifa, umebaki na kasha.

Mwisho, redio za zamani. GPS hupokea kwenye megahezi 1575.42. Redio ya mawasiliano ikirusha kwenye 121.15 au 131.25, mawimbi yake ya ziada yanaangukia karibu kabisa na hapo, na ishara dhaifu ya setilaiti inamezwa. Niliwahi kuletewa ndege ambayo GPS yake ilipotea kila rubani alipobonyeza kitufe cha kuongea. Karakana iliyoifunga ilikuwa imeweka antena mbili karibu karibu kwa sababu tundu la zamani lilikuwapo tayari. Baada ya kufunga, dai mfumo ujaribiwe kwa masafa hayo mbele ya macho yako.

Kibo_Kijana aliuliza:

Samahani wakubwa. Nimeona kwenye matangazo kwamba vifaa vipya vinashusha ndege kwa LPV, yaani kwa GPS inayokuongoza njia na kimo pia, karibu sawa na ILS. Je, akinunua GPS 175 ataweza kushuka hivyo hadi Kisongo?

Mwalimu_wa_Vyombo alijibu:

Hapana. LPV inahitaji mfumo wa masahihisho unaorushwa kutoka setilaiti za ziada, kama WAAS ya Marekani iliyoanza kutumika 2003 au EGNOS ya Ulaya, na anga ya Tanzania haimo ndani ya huduma hizo. Kuusimika karibu na ikweta kuna ugumu wake: ionosfea, tabaka la juu la anga ambalo ishara za setilaiti hupitia, huku huchafuka baada ya jua kuzama, hasa karibu na Machi na Septemba, na masahihisho yanayotosha Ulaya hayatoshi hapa. Kwa hiyo asinunue kwa ajili ya LPV. Anunue kwa ajili ya uangalizi wa setilaiti niliousema, nao unafanya kazi popote duniani.

Kushuka ndani ya wingu ukiongozwa kwa kimo pia bado ni kazi ya ILS ya uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Uwanja ule uko futi zaidi ya 1,500 chini ya Kisongo na njia yake ya kurukia ina urefu wa meta 3,600. Mara nyingi Arusha imefunikwa kabisa, na huko chini unaona hadi Mirerani.

Rubani_Kisongo alijibu:

Nimewaelewa, na Mzee naomba radhi kwa kukuacha upande ule. Nimeiondoa GNS 430, na GTN nayo nimeiweka kando, kwa kuwa sitaki kutegemea kasha moja kwa kila kitu. Nitachukua GPS 175, nibaki na KX 155 kwa ajili ya ILS, na kishikwambi kibaki cha kupangia safari, maana nimesoma kwamba kinaweza kutuma mpango wa safari kwenye GPS 175 bila waya. Kiashirio changu nimekwenda kukitazama leo jioni kwa tochi. Ni KI 209, bila A.

Fundi_Avioniki alijibu:

Nilihisi. Kabla ya kuagiza chochote, niletee kitabu cha uzito na mizania cha ndege, uniambie pia antena ya redio iko wapi mgongoni. Tukiing'oa hiyo ADF iliyokufa pamoja na antena yake, tutapata nafasi kwenye dashibodi na utapunguza kilo kadhaa ambazo umekuwa ukizibeba bure.

Mzee_wa_Moshi alijibu:

Sindano ya ADF usiitupe, kijana. Niwekee mimi.