Mjadala: Kiingereza sekondari kiondoke au kibaki?

Mwalimu wa Konde
Assalamu alaykum wanajamvi. Nasomesha bayolojia kidato cha pili huku Pemba. Wiki hii tulikuwa kwenye osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli. Nikaeleza kwa Kiingereza kama inavyotakiwa, nikauliza suali, kimya. Macho yote kwenye madeski. Nikafunga kitabu: embe mbichi ukiikata ukaitia chumvi, yale maji yanatoka wapi? Wallahi mikono ilijaa juu, na mtoto mmoja wa karibu na mlango, ambaye sauti yake sijapata kuisikia, akanieleza mpaka kwa nini embe inalegea. Nikamwambia haya, iandike kwa Kiingereza. Akaandika neno moja, akasita, akalifuta.

Na mtihani wa Baraza la Mitihani kidato cha nne unamngoja kwa Kiingereza. Darasa lina watoto 80 na kitu, niwasomeshe somo au lugha? Ndio nauliza, tukiondoe? Msimu wa karafuu ndio usiseme, nusu ya darasa wamo mikarafuuni. Wazazi wanajali pishi, kipimo cha karafuu, kuliko daftari.

Bint Mtambwe
Waalaykumu salaam mwalimu. Yote sawa, lakini hapo pa pishi umetuvunjia heshima. Hilo daftari limenunuliwa kwa hizo karafuu, na sare, na nauli ya gari. Mie nimefika SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kwa karafuu na makonyo, vile vikonyo vya karafuu. Wazazi gani hao wasiojali?

Kijana wa Ng'ambo
Kibaki. Mtoto ataomba kazi hoteli ya Nungwi kwa lugha gani, ya embe na chumvi? Halafu tuambizane ukweli: walimu wenyewe Kiingereza chao kikoje? Mdogo wangu kaja na daftari, masahihisho ya mwalimu ndiyo yanayotaka kusahihishwa.

Mwalimu wa Konde
Wewe wa Ng'ambo, njoo usimame mbele ya hao 80 kipindi kimoja tu, saa sita mchana, nje jua, ndani wanakaa watatu deski moja. Ukimaliza ndio unisahihishe.

Mstaafu
Nyie watoto hamjui kitu. Enzi zetu msimu ukiingia skuli zinafungwa, tunapelekwa makambini kuchuma, na kusoma tulisoma. Mzee Karume katangaza elimu bure 1964, sie tunakaa chini, hakuna aliyelalamika lugha. Leo mwalimu akimgusa mtoto, mama yake yuko mlangoni kwa mwalimu mkuu. Rejesheni bakora muone kama Kiingereza hakitapanda.

Mama Wawili
Shikamoo mzee. Kwa hivyo bakora ndiyo kamusi? Mimi nilipigwa kwa kutojua maneno ya Kiingereza, na mpaka leo siyajui.

Bint Mtambwe
Marahaba ya bakora mtapeana baadae. Mzee wangu, hebu nifahamishe: serikali ikifunga skuli watu wakachume ni kujenga nchi, baba yangu akinichukua Jumamosi ni kutojali elimu?

Fundi Fizikia
Jamani turudini kwenye suali. Ile sera ya elimu ya Zanzibar ya 2010 ndiyo iliyotia Kiingereza kwenye hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano. Walidhani mtoto atafika kwetu sekondari kishaizoea lugha. Anafika kishaikariri, basi. Anakutajia sheria ya Newton neno kwa neno, ukimuuliza gari ya abiria ikifunga breki kwa nini watu wanasukumika mbele, anakutazama.

Msomi wa Chake
2006 kaka, si 2010. Na Bara sera yao ya 2014 ilitaja Kiswahili kitumike ngazi zote za elimu, mitihani ya sekondari iko kwa lugha gani mpaka leo? Kiswahili sanifu msingi wake Kiunguja, lakini maabara hakiruhusiwi kuingia.

Kijana wa Ng'ambo
Umesema mwenyewe, Kiunguja. Kipemba hakijatajwa. Hahaha.

Bint Mtambwe
Ehee, nilijua tutafika huku. Karafuu zetu zikilisha nchi hamuulizi zimechumwa kwa lugha gani.

Mwalimu wa Konde
Dada, mie mwenyewe Mpemba na kwetu mikarafuu ipo. Nilichokisema nakisema tena. Kuna kijana wangu karudi baada ya kutoonekana siku kadhaa, mikono inanukia karafuu, namuuliza alikuwa wapi, ananambia mbele ya wenzake, "Mwalimu, kwa siku nakushinda." Darasa likacheka. Nimjibu nini, na mshahara wangu wanaujua?

Fundi Fizikia
Kuna mtu atajibu kuhusu lugha?

Mstaafu
Huyo angekuwa wangu, asingekaa kitako wiki nzima.

Bint Mtambwe
Mwalimu, huyo mtoto kakudanganya au kasema kweli? Jibu hilo kwanza. Na hayo makonyo ya kwenu nani anayapeleka kuuza, si watoto?