Baridi hii ya mwezi wa saba, kitu gani kidogo kinakupa raha?

Mtoto_wa_Uyole:
Wakuu habari za baridi. Nimerudi nyumbani Mbeya baada ya kupigika Dar miaka sita, nimefikia Uyole kwa mama, asubuhi ukiongea mvuke unatoka mdomoni kama lori la Zambia linapanda mlima. Sasa jana mama kanipa chai ya maziwa na gimbi la moto, parachichi pembeni, nikajikuta nimekumbatia kikombe kwa mikono miwili wala sinywi, naota joto tu. Dar chai nilikuwa nakunywa nimesimama huku jasho linanitoka, yani sikuwahi kujua kikombe nacho kina kazi nyingine. Hebu tajeni vyenu, iwe msosi, mazoezi au vya nyumbani tu. Vya hela nyingi sivitaki, asije mtu kuniambia gari.

Mnyalu_Original:
Kamwene mkuu. Mimi niko Iringa, yangu ni kupanda Gangilonga jioni nikitoka kazini. Kwa wasiojua ni jiwe kubwa hapo juu ya mji, jina lenyewe kwa Kihehe ni jiwe linaloongea, na wazee wanasema Mkwawa alikuwa anaenda kukaa pale akitafakari. Nilianza kwa sababu daktari alinibana na presha akasema nitembee, nikawa naenda kama nimetumwa, nahema, nakasirika. Siku moja nikakaa juu pale jua limeshazama upepo unakata masikio, ila jiwe bado lina joto la mchana, aisee makalio yalipata moto safi kabisa nikagoma kushuka mpaka taa za mji zikaanza kuwaka moja moja. Tangu siku hiyo naenda kwa ajili ya jiwe, presha itajijua. Na msimu wa mvua nikishuka napitia mtogwa, namaanisha ulanzi, ile pombe ya mianzi, ule mtamu mbichi, sio ule uliokaa wa kukulaza mtaroni.

Mama_Wawili_Tukuyu:
Ndaga mleta mada, ila swali moja mwanangu. Hilo jiko la hiyo chai aliliwasha nani na aliamka saa ngapi?
Raha yangu mimi ni mvua, na huku kwetu mvua haiombi ruhusa. Ikianza kupiga bati usiku niko kitandani nikakumbuka nguo nilishaanua, kuni ziko ndani, kuku wamefungiwa, hapo nageukia upande wa pili nalala kama mtoto. Ikinikuta nguo ziko kambani wala hiyo mvua siioni tamu, naitukana.

Baridi_Makete:
Mnaongelea baridi na nyie? Njooni Makete asubuhi mkute majani meupe kwa sakitu halafu tuongee. Kwangu ni blanketi mbili na soksi zilizoanikwa karibu na moto, zikivaliwa zingali na uvuguvugu, basi. Ila kitu kimoja jamani sio utani, jiko la mkaa mkimaliza kuota mlitoe nje kabla ya kulala, msijifungie nalo na madirisha yamezibwa. Ile gesi ya mkaa haina harufu, mtu anasikia usingizi mtamu tu ndo basi tena haamki.

Mtoto_wa_Uyole:
Mama wa Tukuyu umenichoma, nilikaa kimya jana nzima. Kumbe mama anaamka saa kumi na moja. Leo nikasema nimuwahi, nimetoka nje na kikoi, vidole haviskii, kiberiti njiti nane, mkaa unavuta kidogo unazima, nikapuliza mpaka kizunguzungu. Moshi ukajaa mpaka barazani, mama akatoka akanikuta na majivu kwenye kope, kacheka mpaka kakaa chini. Chai imeiva saa mbili kasoro, majani nimezidisha, chungu kama mwarobaini. Kanywa yote na kaongeza.

Mama_Wawili_Tukuyu:
Hahaha hapo sawa baba. Kesho anza na vibanzi vikavu vya paini, vikishika ndo uweke mkaa kidogo kidogo, na jiko ligeuzie mdomo upepo unakotoka, lipulizwe na upepo sio wewe. Gimbi usimenye, chemsha na ganda lake, likiiva linavuliwa kwa mkono. Na usiku anza wewe kuingiza mkaa ndani, mkaa ukilala nje na umande huo hata mimi siuwashi.

Mnyalu_Original:
Njiti nane 😂😂 Dar wamekuharibu kaka.