Kupiga picha za ndege za kivita juu ya manowari: lenzi gani, kasi gani, nisimame wapi?

Mpiga wa Shela (Lamu)

Assalamu alaykum. Januari nitapanda manowari ya Marekani ya kubeba ndege, daraja la Nimitz, kwa siku mbili, meli ikiwa bahari kuu mashariki ya Lamu. Nimezoea mashua na jahazi, lakini ndege zinazorushwa kutoka sitahani ni jambo jingine kabisa. Nina kamera mbili, lenzi ya 24-70 f/2.8, ya 70-200 f/2.8 na ya 100-400, na naruhusiwa begi dogo tu. Nibebe zipi? Kasi ya shata iwe ngapi? Mwanga utakuwa mzuri saa ngapi? Na nimeambiwa nitavaa kofia ngumu na miwani ya kinga, sasa jicho litafikaje kwenye kitundu cha kamera?

Tezi na Omo (Malindi)

Wa alaykum salaam. Habari ya mwanga ianze na upepo, na hapo mtu wa Lamu ana faida. Manowari ya ndege haifuati jua. Kila inaporusha au kupokea ndege hugeuza omo, yaani mbele yake, ikaukabili upepo, maana upepo unaopita juu ya sitaha huipunguzia ndege kasi inayoihitaji. Ukijua msimu, umeshajua meli itatazama wapi.

Mnara uko upande wa kulia ukielekea omo. Mgeni mara nyingi huwekwa kwenye roshani za mnara huo, ile sehemu ya juu ambayo mabaharia wa Kimarekani huiita Safu ya Tumbusi. Ukiwa pale, sitaha ya kutulia ndege iko mbele yako, upande wa kushoto wa meli.

Januari ni kaskazi, kwa hiyo meli itaelekea kaskazini-mashariki na wewe utatazama kaskazini-magharibi. Kuanzia saa moja hadi saa nne asubuhi jua liko mgongoni mwako: rangi za fulana za wafanyakazi zitawaka, na ubavu wa ndege utaonekana mpaka misumari yake. Adhuhuri jua liko utosini, kivuli cha bawa kinaangukia magurudumu, pumzika ule. Kuanzia saa tisa alasiri mambo yanageuka. Ndege hutua zikitokea tezini, nyuma ya meli, yaani kusini-magharibi, na jua linashuka upande huohuo, kwa hiyo utapata ndege nyeusi kwenye anga jeupe. Usipigane nalo. Punguza mwanga, acha ndege iwe kivuli, na umalizie na machweo.

Wakati wa kusi ni kinyume: asubuhi jua linakutazama usoni, alasiri linapiga sitaha kutoka nyuma yako, ila kivuli cha mnara nacho hulala juu ya sitaha na kukata ndege vipande viwili. Maleleji, kipindi baina ya misimu hiyo miwili, ndiyo yenye shida, kwa sababu upepo ukilala meli hujitengenezea wake kwa mwendo, nayo huweza kwenda zaidi ya kilomita 55 kwa saa ikielekea popote. Hapo muulize anayekuongoza.

Fundi Lenzi (Malindi)

Naunga mkono hayo ya upepo. Mimi nijibu lenzi: acha 100-400 nyumbani. Sitaha ina urefu wa mita 333 hivi, lakini ndege unayoipiga inapita karibu kiasi kwamba 70-200 inajaa. Tena sitaha ni ya chuma, imepigwa na jua na moto wa injini, na hewa juu yake inatetemeka kama juu ya jiko la mkaa. Lenzi ndefu inapita kwenye hewa hiyo nyingi zaidi, picha inatoka imeyeyuka, na watu hulaumu fokasi. Fokasi haina kosa. Usipige kamwe kupitia moshi wa injini ya ndege nyingine.

Kamera moja 24-70, ya pili 70-200, na hakuna kubadilisha lenzi ukiwa nje.

Kasi ya shata inategemea unachopiga. Ndege ya jeti inatua kwa kilomita 260 kwa saa hivi, sawa na mita 72 kwa sekunde. Kwa 1/1000 ya sekunde imesogea sentimita 7, kwa 1/2000 karibu 4. Basi 1/2000, na uifuate kwa kiuno, usiifuate kwa mikono. Lakini Hawkeye, ile ndege ya rada, ina rafadha mbili, kila moja na mapanga manane, zikizunguka kama mara 1,100 kwa dakika. Kwa 1/2000 zitaganda, ndege ionekane imezimika angani. Mapanga manane yana nyuzi 45 baina yao, na kwa 1/125 rafadha inazunguka nyuzi 53, kwa hiyo unapata duara kamili. 1/250 inatoa nusu yake, na kwa asiye na mkono mtulivu hiyo inatosha. Helikopta ni ngumu zaidi: panga kuu la MH-60 linazunguka mara 258 tu kwa dakika, hata 1/60 haitoi zaidi ya nyuzi 26. Piga picha 30 upate 2.

Ndege zenyewe ni za kijivu kisichong'aa. Anga la ukungu likiwa nyuma yake kamera hudanganyika na kuzitia giza, ongeza mwanga theluthi mbili ya hatua au hatua nzima.

Mpiga wa Shela (Lamu)

Shukran sana. Na wakati wa kurushwa, nielekeze kamera wapi? Na hiyo miwani?

Fulana Nyeupe (Lamu)

Nianze na miwani, maana ndiyo inayoharibu siku ya kwanza. Jicho linakaa mbali na kitundu, pembe nne za picha zinakuwa nyeusi, na unakata mkia wa ndege bila kujua. Kamera nyingi za kisasa zina chaguo la kupunguza ukubwa wa picha ndani ya kitundu. Liweke hilo kabla hujapanda. Ule mpira unaozunguka kitundu cha kamera uondoe kabisa, kwa sababu unachomoka ukigusana na miwani.

Na kinachochomoka ndicho hatari kuliko vyote. Kabla ya ndege kuruka, mabaharia hujipanga bega kwa bega toka ukingo hadi ukingo, wakatembea sitaha nzima vichwa chini wakiokota nati, kipande cha waya, hata jiwe dogo. Kitu kidogo kikifyonzwa na injini kinavunja mapanga yake, na rubani ndiye analipa. Kwa hiyo kifuniko cha lenzi kinabaki chumbani, kinga ya jua ya lenzi pia, kofia ya kawaida pia. Kalamu isiwe mfuko wa juu. Mkanda wa kamera uvaliwe kiwiliwili, si shingoni. Kila skrubu ya kamera ikague kwa ukucha. Safu hiyo ya watu, kwa njia, ni picha nzuri sana, na wengi huikosa kwa sababu hakuna ndege ndani yake.

Masikio utaziba mara mbili, vizibo ndani na vifuniko juu. Hutasikia shata. Tazama namba ya picha zilizobaki kila baada ya muda, usije ukadhani unapiga kumbe kadi imejaa.

Sasa manati, yaani mtambo unaoirusha ndege. Nimitz ina manati nne za mvuke, kila moja zaidi ya mita 90, na ndege inatoka sifuri hadi kama kilomita 265 kwa saa ndani ya sekunde 2. Kamera ya picha 10 kwa sekunde inakupa 20 tu, na 5 za mwanzo hazina kitu. Usisubiri ndege isogee, watazame watu. Ukuta wa kuzuia moto unainuka nyuma ya ndege. Fulana za kijani wanafunga mguu wa mbele kwenye manati na kutoka. Injini inafika juu, rubani anapiga saluti. Afisa wa fulana ya njano anakagua pande zote, anainama, anagusa sitaha, ananyoosha mkono kuelekea omo. Anza kupiga mkono unapogusa sitaha. Mvuke umelala mpaka magotini, yeye amechuchumaa ndani yake, na nyuma yake ndege imetetemeka tayari: hiyo ndiyo picha, si ile ya ndege ikiwa imeshaondoka.

Mvuke huo una mafuta ya mitambo. Ukitua kwenye kioo, ukafuta kavu, umeupaka. Puliza chumvi kwanza, tia tone la maji safi kwenye kitambaa, ndipo ufute kutoka katikati kwenda nje.

Kutua nako kuna siri yake. Rubani akigusa sitaha anaongeza nguvu hadi mwisho, hazimi, kwa sababu kulabu ya mkiani ikikosa waya wa kuisimamisha ndege uliotandazwa sitahani, lazima aruke tena. Usishushe kamera ukidhani imekwisha. Usiku kulabu iliyokosa waya inachomoa cheche ndefu sitahani: ISO 6400 na kuendelea, f/2.8. Flashi ni marufuku kabisa, na ile taa ndogo ya kusaidia fokasi uizime, inapofusha rubani vilevile.

Tezi na Omo (Malindi)

Niongeze mawili. Ndani ya meli kuna baridi ya kiyoyozi, nje joto na unyevu wa Januari. Ukitoka ghafla kioo kinafunga ukungu dakika 20 hata 30, na sherehe inapita. Tia kamera kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri ukiwa bado ndani, toka nayo, uache ipate joto ndani ya mfuko. Maji yatashika plastiki badala ya lenzi.

La pili, mazoezi. Panda mashua kwenye mkondo wa Shela wakati wa mawimbi, simama bila kushika kitu, fuata membe, wale ndege wa baharini, kwa 1/2000 kisha mashua nyingine kwa 1/125. Ndege ndogo za rafadha zinazotua uwanja wa Manda zitakufunza mapanga vizuri, ukizipiga ukiwa majini kwenye njia ya kawaida ya boti. Lakini upande wa Magogoni kuna kambi ya jeshi la majini. Kamera ibaki mfukoni ukipita huko, hata kama ni helikopta nzuri kiasi gani.

Mpiga wa Shela (Lamu)

Nimeandika yote. 100-400 imebaki kabatini. Kesho alfajiri natoka na mashua.

Fulana Nyeupe (Lamu)

Chukua betri 4, ziweke kwenye mfuko wenye zipu. Na ukimaliza kila zamu muonyeshe picha afisa wa habari wa meli siku hiyohiyo, usingoje siku ya kushuka. Akikukataza moja kwa sababu ya skrini au antena iliyoonekana nyuma, bado una muda wa kuipiga upya kwa pembe nyingine.