Tahadhari za ziwani: ziandikwe kwa sarufi au kwa akili mnemba?

Wa Nyegezi: Wapo wanaotaka kompyuta igeuze vipimo vya upepo na mawimbi kuwa tahadhari za Kiswahili, na kazi hiyo ifanywe na akili mnemba. Kompyuta sawa, akili mnemba napinga. Usiku pepo za nchi kavu hukutana juu ya Ziwa Victoria, letu hili la Mwanza, na kuleta radi, saa zilezile wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Hapo hatuwezi kukubali sentensi tamu isiyotokana na kipimo.

Sarufi rasmi ni kanuni alizoziandika mtu. Sentensi ikikosewa, unaiona kanuni iliyoikosesha. Kanada walitumia mfumo wa kanuni za namna hiyo, uitwao FoG, kuandika utabiri wa hali ya hewa kwa Kiingereza na Kifaransa miaka ya 1990.

Lakini algoriti, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kujenga sentensi kwa kanuni hizo, nayo ichaguliwe. Inayoanza na sentensi nzima na kushuka hadi maneno, kushoto kwenda kulia, hubahatisha kiima kabla ya kukijua kitenzi, na kanuni inayoanza kwa kujirudia yenyewe huizungusha bila kikomo. Mwaka 1990 mtafiti wa lugha na kompyuta, Shieber, na wenzake walitoa njia inayoanzia kwenye kiini cha maana. Huanza na "-natarajiwa", kiambishi kikisubiri: ukija upepo, unatarajiwa, yakija mawimbi, yanatarajiwa. Kwa lugha ya ngeli naiona ndiyo yenyewe. Njia nyingine, chati ya mtafiti Martin Kay, 1996, ni jedwali linalohifadhi vipande vya sentensi visijengwe upya, ila vivumishi vikizidi, vipande hufurika.

Wa Kirumba: Kaka, mvuvi akisoma sentensi zilezile kila siku ataacha kuzisoma. Na Wasukuma na Wakerewe je? Akili mnemba inajua lugha nyingi.

Wa Nyegezi: Zilezile ndizo ninazozitaka, dada. Neno likibadilika, mvuvi ajue upepo umebadilika. Watafiti wa Aberdeen, Uskoti, walieleza mwaka 2005 kuwa wasomaji wa utabiri wa bahari walipendelea ulioandikwa na kompyuta kuliko wa watabiri, sababu mojawapo ikiwa kwamba maneno yake hayayumbi. Kuhusu Kikerewe, akili mnemba hujifunza kutokana na maandishi mengi, na Kikerewe kina machache mno. Sarufi ya sentensi za upepo, mvua na mawimbi tu, mzungumzaji mmoja akikaa na mtu wa kompyuta wanaiandika.

Wa Kirumba: Na siku kikitokea kitu ambacho kanuni hazikukitaja?

Wa Nyegezi: Mfumo unyamaze, mtabiri aandike kwa mkono wake. Mnaotoka usiku, hilo mnalikubali?